Aliyesimama na Aliyebaki Kitini: Uchambuzi wa Kisa cha Usiku Mmoja Kabalagala

Kisa hiki kilitokea katika klabu moja ya usiku ya Kabalagala, jijini Kampala, Jumamosi ya mwisho wa mwezi mmoja wa mwaka 2023. Hakikuchukua hata robo saa, na wengi waliokuwamo ukumbini hawakujua kwamba kuna lililotukia. Mshereheshaji aliwasalimu kwa kipaza sauti wageni waliotoka Kongo. Kijana mmoja ambaye si Mkongo akasimama na kuinua glasi. Na rafiki yake, ambaye ni Mkongo kwa kuzaliwa, akabaki kitini akiitazama meza. Nilikuwa nimeketi kati yao. Mmoja nilimfundisha Kiswahili alipokuwa shule, mwingine ndiye anayenishonea nguo. Wote wawili wamekubali niyaandike haya kwa sharti kwamba nisiwataje majina, nami nimelitimiza sharti hilo hata kwa jina la klabu.

Aliyesimama ni fundi simu wa miaka 27, Msamia wa Busia upande wa Uganda, aliyekulia sokoni mpakani ambako Kiswahili ni lugha ya kuuzia samaki na kubadilishia fedha. Anakodi nusu ya kibanda katikati ya jiji na anaishi chumba kimoja Kibuli. Aliyebaki kitini ni fundi cherehani. Alizaliwa Bunia, katika jimbo la Ituri, akaingia Uganda akiwa kijana mdogo pamoja na shangazi yake, wakikimbia vita. Sasa anashona Katwe, na Kiganda chake kimenyooka kiasi kwamba wateja wake wengi humdhani Mganda. Mezani alikuwapo pia msusi wa Kansanga, binamu wa fundi simu, pamoja na vijana wengine wawili ambao hawana nafasi katika habari hii.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa huenda akashangaa kwa nini Msamia wa Busia atake kujiita Mkongo. Jibu liko katika historia ya Kiswahili chenyewe nchini Uganda. Lugha hii iliingia kwa misafara ya biashara, lakini iliyokaa masikioni mwa watu wa Buganda ni ile ya kambi za askari. Mwishoni mwa miaka ya 1920, gavana William Gowers alipotaka kukieneza Kiswahili mashuleni, Kabaka (mfalme) wa Buganda, Daudi Chwa, aliandika kukipinga, mwaka 1929. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo lililotoka katika mdomo ule halikukiongezea wapenzi. Baadaye, katika miaka ya 1980, watu walipakiwa kwenye malori katika misako ambayo hadi leo Waganda huiita kwa maneno ya Kiswahili, panda gari. Mama aliyesimamishwa kizuizini na bunduki alisimamishwa kwa Kiswahili, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alikisikia. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nimeyapigania hayo kwa kadiri ya uwezo wangu na ninayafurahia. Lakini kijana akifungua kinywa chake Kampala kwa Kiswahili cha Busia, bado yupo atakayemwita afande kabla hajamaliza sentensi, na yupo atakayekamata mkoba wake.

Kipo, hata hivyo, Kiswahili kingine ambacho Kampala hukisikia kwa sikio jingine. Wanamuziki wa Kongo wamekuwa wakipiga katika kumbi za jiji hili tangu miaka ya 1960, na pamoja na magitaa yao ilikuja sifa ya mavazi: suti iliyokatwa vizuri, kiatu kinachong'aa, manukato yanayomtangulia mwenyewe mlangoni. Watanashati wa Kinshasa na Brazzaville, ambao desturi yao ya mavazi ilifikishwa mbali na mwanamuziki Papa Wemba, wanajulikana hata kwa vijana ambao hawajavuka daraja lolote la mpakani. Muziki huo kwa sehemu kubwa huimbwa kwa Kilingala, lakini mkazi wa Kampala ambaye hazijui lugha hizi mbili huzitia kapu moja. Kwa hiyo mtu mwenye lafudhi ya Kiswahili akiingia klabuni anaweza kusomwa kwa namna tatu: kama askari, kama mkimbizi, au kama tajiri wa Kikongo aliyekuja kutumia. Fundi simu alichagua kusomwa kwa namna ya tatu. Alikuwa ameanza kufanya hivyo miezi kadhaa kabla, mimi nikiwa sijui.

Maandalizi

Tulikutana chumbani kwake Kibuli saa mbili usiku. Ninaeleza maandalizi kwa kirefu kwa sababu naamini nusu ya kwenda klabu huisha kabla ya kufika klabu. Pasi ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Viatu vya mmoja vilivaliwa na mwingine baada ya kujaribiwa mara mbili. Kitandani lilikuwa limelazwa koti la buluu la fundi simu, lenye bitana nyekundu ya hariri, na nilipouliza nani amelishona, fundi cherehani akajibu kwa fahari ya fundi yeyote kwamba ni yeye, tena kwa nusu ya bei. Alikuwa amelikata kama wanavyopenda wateja wake wa Kinshasa, kiuno kimebana na mabega yamesimama. Kisha akamwonyesha mwenzake jinsi ya kuachia upande mmoja wa koti ili bitana ionekane mtu anapogeuka, bila kuonekana kwamba anaionyesha. Walilirudia zoezi hilo mbele ya kioo mara tatu au nne, wakicheka. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba mmoja anamfundisha mwingine namna ya kuwa yeye.

Msusi alivaa gauni fupi, na juu yake akavaa dera ambalo alilivua tu tulipokwisha kuingia ukumbini. Vifungu muhimu vya Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 vilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021, lakini wanawake wa Kampala hawajasahau majuma yale ya mwanzo ambapo makundi ya wanaume yaliwavua wenzao nguo barabarani kwa kisingizio cha sheria hiyo. Dera lake lilikuwa jibu kwa barabara, na gauni lilikuwa jibu kwa ukumbi.

Boda boda zingetufikisha Kabalagala kwa fedha kidogo. Lakini boda hukunja koti na kulitia vumbi, na anayeshuka bodani mbele ya mlango wa klabu ametangaza nauli yake kwa kila aliyesimama pale. Tulipanda boda hadi kituo cha mafuta kilichokuwa karibu, kisha tukajibana sita katika gari moja la kukodi kwa kipande kifupi kilichobaki, ili watu watuone tukishuka garini.

Mlango na meza

Mlangoni tulipekuliwa kwa kifaa cha kutambua vyuma. Upekuzi wa namna hiyo haufanywi kwa mchezo Kabalagala. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, papa hapa Kabalagala, na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, yakaua zaidi ya watu 70. Tangu hapo baunsa ni mtu anayesikiliza lafudhi pia. Nilimsikia fundi simu akimjibu kwa Kiganda kifupi, cha maneno mawili matatu yasiyoweza kumsaliti. Fundi cherehani ndiye aliyetusemea yote yaliyobaki, na kwa Kiganda chake tukapita sote bila kuulizwa tena.

Ndani, mambo yaligeuka. Kwa mhudumu fundi simu alitumia Kiingereza, na mezani akaanza kusema Kiswahili kwa sauti ya juu, chenye mapambo ya Kilingala aliyoyaokota kwenye nyimbo. Kila mmoja wetu alikuwa ametoa shilingi 50,000, isipokuwa mimi niliyesamehewa kwa ajili ya umri na nikatoa hivyo hivyo. Fedha hizo zingetutosha bia usiku kucha. Zilinunua chupa moja ya wiski, nayo ililetwa ikiwa imewashiwa kimulimuli ili meza za jirani zione inakokwenda. Msusi alilipa fungu lake kwa simu kabla chupa haijafika, akamwonyesha mhudumu ujumbe wa malipo huku wanaume wa meza ya pili wakitazama. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumpa binamu yake fedha mkononi kama wengine. Alisema kwamba mwanamke asiyeonekana akilipa huhesabiwa kuwa amelipiwa, na aliyelipiwa hudaiwa usiku huo huo. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonisaidia, hatimaye, kuelewa tofauti kati ya maonyesho yake na ya binamu yake.

Kabla ya saa saba fundi simu alimpa mhudumu noti iliyokunjwa, ampelekee mshereheshaji. Mtu aliyewahi kuhudhuria taarabu anaijua ishara hiyo. Anayekwenda kumtunza mwimbaji ananunua dakika moja ambamo ubeti unakuwa wake, na ukumbi mzima unajua ubeti ule umeelekezwa kwa nani. Wanamuziki wa Kongo nao wana desturi ya mabanga, yaani kutaja ndani ya wimbo majina ya watu waliolipa ili watajwe. Fundi simu hakuomba jina lake litajwe. Aliomba isalimiwe meza ya Wakongo.

Salamu ikaja, wimbo ukafuata, naye akasimama. Koti lilifanya kazi yake na bitana ikaonekana. Watu wa meza nyingine walishangilia, na ninakiri kwamba alipendeza, kwa sababu alikuwa na furaha ya mtu anayetazamwa bila kushukiwa. Fundi cherehani hakuinua macho. Nilidhani amechoka.

Ndipo mhudumu mwingine, binti ambaye hakuwa amefika mezani kwetu hapo kabla, akaja akitabasamu na kumsemesha fundi simu kwa Kiswahili cha Ituri. Alimwita kaka. Alisema ameshtuka kusikia kuna watu wa nyumbani, akauliza ni watu wa Bunia au wa Goma. Fundi simu akasema Bunia, kwa kuwa ndilo jina alilokuwa amelisikia kwa rafiki yake. Binti akauliza ni mtaa gani. Jibu halikuja. Ukimya ule, katikati ya kelele za spika, niliuona katika uso wa binti kabla ya kuuona kwa mtu mwingine: tabasamu lilianza kurudi nyuma, na nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na hofu, maana mtu anayedai kutoka kwenu na asijue mtaa anaweza kuwa mtu wa aina nyingi.

Fundi cherehani akainua kichwa na kusema, kwa Kiswahili ambacho sijapata kumsikia akikitumia mbele ya watu, "Mudzipela. Sisi tunatoka Mudzipela." Binti akamgeukia. Wakazungumza dakika kadhaa, wakitajiana makanisa, shule na watu, mpaka binti akaitwa kwenye meza nyingine, akaondoka akijifuta macho. Fundi simu alikuwa bado amesimama na glasi yake. Baadhi ya wateja waliokuwa karibu, mmoja wao mtu ambaye humpelekea fundi cherehani suruali za kupunguza, walikuwa wamesikia kila neno.

Ugomvi wa alfajiri

Saa kumi na moja tulikuwa kando ya barabara tukila kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage. Hawakupigana wala hawakutukanana. Fundi cherehani alisema, na nayaweka maneno yake kama nilivyoyasikia: "Kaka, jina hilo mimi linanigharimu kila siku. Mwenye nyumba akilijua anapandisha kodi. Wewe umelivaa saa tatu, utalivua, utalala." Fundi simu akajibu kwamba yeye naye, akisema anatoka Busia, anaitwa afande na watu ambao baba yake hajawahi kuwaelekezea hata fimbo. Kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, mwambie." Sikuwa na la kumwambia saa ile. Ninachoandika hapa ndicho nilichokipata baadaye.

Watu wazima wengi niliowasimulia kisa hiki walikimbilia kwenye fedha: kijana anayekodi nusu ya kibanda anafanya nini na chupa ya wiski. Naiheshimu hofu yao, lakini haigusi kilichotokea. Kama ulevi ndio ungekuwa shabaha, fedha zile zingenunua pombe nyingi zaidi kwa muuza waragi yeyote wa Katwe. Kilichonunuliwa ni kuonekana, nacho kina bei katika kila jamii ninayoijua, iwe kwa ng'ombe wa mahari au kwa viti vya mbele vya harusi.

Wengine walisema kwamba kosa ni uongo: mtu aseme anakotoka. Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, watu walicheza ngoma ya Beni wakiwa wamevaa magwanda ya maofisa, wakipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, kikundi cha Marini kikishindana na cha Arinoti. Kuli wa bandarini aliitwa jenerali. Kila mtazamaji alijua kwamba huyu si jenerali, na kujua huko hakukuiharibu ngoma, kwa sababu cheo kilichoigizwa kilikuwa cha mtawala ambaye hakupungukiwa na kitu kwa kuigizwa. Waliolivaa gwanda walikuwa wakimvuta mkubwa chini hadi uwanjani kwao. Siwezi kuwaita waongo. Msusi wetu naye aliigiza: mapato yake ni madogo kuliko alivyoonekana pale mezani. Lakini vazi lake na malipo yake vilisema jambo alilokuwa tayari kulibeba kesho yake, kwamba yeye ni mtu anayejilipia.

Fundi simu alivaa kitu cha aina nyingine. Ukongo anaoutamani una bitana nyekundu na gitaa; ni sehemu moja ya nguo, na sehemu iliyobaki imevaliwa na mtu mwingine, aliyeketi hatua moja kutoka kwake. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, na wanaotoka Kongo ni wa pili kwa wingi baada ya wale wa Sudan Kusini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako, nayo ni sheria ambayo nchi nyingi tajiri hazijathubutu kuitunga. Lakini sheria haimzuii mwenye nyumba kubadili sauti akisikia lafudhi. Ndiyo maana fundi cherehani aliutumia ujana wake wote kujifunza Kiganda kisicho na kovu. Kazi ile ya miaka mingi ilivunjika kwa swali moja la mtaa, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe, kwa hiari, ili rafiki yake asiaibike na binti asiogope.

Kuna ushahidi mmoja ambao nimeufikiria mara nyingi. Mwezi wa Machi 2020 vilabu vyote vya usiku vilifungwa kwa sababu ya Uviko, na havikufunguliwa hadi tarehe 24 Januari 2022. Kwa karibu miezi 22 hawa vijana walikutana chumbani kwa fundi cherehani Katwe, mara nyingine wakilala huko kwa sababu ya kafyu. Niliwatembelea. Walicheza muziki ule ule, na mara nyingine kwa mavazi yale yale. Katika chumba kile fundi cherehani ndiye aliyeimba, akaeleza maana ya maneno, akasema Kiswahili cha kwao bila kupunguza sauti. Naye fundi simu alikuwa Msamia, akiwafundisha misemo ya sokoni Busia. Hakuna aliyejiita asivyo. Klabu zilipofunguliwa, walibadilishana nafasi. Kama mtu anataka kujua klabu inafanya nini, aangalie hapo: haikuwapa vijana hawa hamu ya kucheza wala kuvaa, maana walikuwa nazo. Iliwapa mashahidi wasiowajua, na mbele ya mashahidi hao kila mmoja alivaa kile alichodhani kwamba hakitamletea adha, mmoja akachukua Kiganda na mwingine akachukua Kongo.

Kwa hiyo simlaumu fundi simu kwa kuigiza. Namlaumu kwa jambo dogo zaidi na zito zaidi: alikuwa na rafiki aliyeweza kumuuliza, tena aliyemshonea koti, naye akamtumia noti mshereheshaji bila kumuuliza. Nilimwambia hivyo ana kwa ana, wiki mbili baadaye, kibandani kwake. Alinyamaza, akaendelea kufungua simu iliyokuwa mkononi mwake, kisha akasema kwamba hakujua kuwa rafiki yake bado anaogopa. Namwamini. Katika miaka yote ya urafiki wao walikuwa wamezungumza sana juu ya Bunia, kuhusu muziki wake na chakula chake, na hawakuwahi kuzungumza juu ya mwenye nyumba.

Fundi cherehani alipoteza mteja mmoja. Alipata wengine wanne, kwa sababu yule binti mhudumu aliwaelekeza kwake watu wa nyumbani waliokuwa wakitafuta mshonaji, na sasa kuna siku ambapo Kiswahili cha Ituri husikika katika chumba cha Katwe mlango ukiwa wazi. Mwenye nyumba bado hajasema kitu. Bado wanakwenda Kabalagala pamoja, ingawa si kila mwezi. Mara ya mwisho nilipofuatana nao, mshereheshaji aliita tena wageni wa Kongo, na mezani kwetu hakuna aliyesimama. Aliita wa Kenya, wa Rwanda na wa Sudan Kusini. Fundi simu alisubiri mpaka orodha ikaisha, kisha akamwita mhudumu, akampa noti iliyokunjwa, na safari hii akamwandikia jina la mahali kwenye kipande cha karatasi, akamwonyesha kwanza fundi cherehani.